Hasira Zangu na Hasira za Tezi

Siku hizi mtu akinitukana namsikia vizuri, naelewa alichosema, kisha naendelea kuchambua mboga. Mume wangu anasema hayo ni maendeleo. Mimi sijui ni nini. Daktari ameniambia moyo utarudi taratibu tukishapata kiwango sahihi cha dawa, na kwamba nisijilazimishe. Basi naandika hivihivi nilivyo, moyo ukiwa kama mguu uliokaliwa, kwa sababu najua kuna mwanamke huko Usangi au Gonja au Lembeni ambaye leo amerusha sahani na hajui mkono wake ulitumwa na nani. Namwandikia yeye. Mwenye afya zake naye asome, ila asinipe ushauri, nimeshapewa wa kutosha.

Sisi wa Myamba, huku milimani Upareni, tunalima tangawizi. Tangawizi haipendi kukaa na kiu, kwa hiyo mvua zikikatika tunaishi kwa ndiva, yale mabwawa ya udongo waliyotuachia mababu. Kijito kinajaza ndiva, ndiva inafunguliwa, maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi asubuhi, tangu nilipoolewa.

Kipupwe cha mwaka juzi, maji ya Alhamisi yakaanza kukosekana. Nafika na jembe langu nakuta tope tu kwenye mfereji, na shamba la juu yangu limelowa hadi kwenye matuta ya mwisho. Shamba hilo ni la Elisante, mdogo wake mume wangu. Nilipomuuliza mara ya kwanza alicheka.

"Shemeji, umekosea siku. Zamu zimepangwa upya."

"Zimepangwa na nani?"

"Na kamati."

Kwenye kamati ya maji yumo yeye mwenyewe. Nilimwambia mume wangu, Baba Neema. Yeye ni mtu wa amani kupita kiasi, angekuwa mbuzi angejifunga kamba mwenyewe. Akasema tusigombane na ndugu kwa ajili ya maji ya Mungu.

Miezi hiyohiyo mwili wangu ulianza mambo yake. Kipupwe huku kwetu ukungu unakaa hadi saa nne, watu wanavaa masweta mawili, mimi nilikuwa natoka jasho hadi kanga inashika mgongoni. Nilikula makande ya watu wawili na sketi ikanidondoka njiani natoka kanisani. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa. Usingizi ukanikimbia, nywele zikabaki kwenye kitana, mikono ikatetemeka hata nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Macho yalinitoka. Nilikuwa nikiomba tu nipitishiwe chumvi, na watu wanadhani nawakaripia.

Halafu hasira. Wasioijua wanafikiri ni ile hasira ya kawaida iliyoongezwa. Siyo. Hasira ya kawaida inakuja baada ya kitu kutokea. Hii ilikuwa inafika kwanza, inakaa, inaangalia huku na huku ikitafuta sababu. Niliwahi kumrushia kuku mwiko kwa sababu alinitazama. Nilisimama katikati ya mazoezi ya kwaya nikamwambia mwalimu wetu kwamba akirudia tena ule ubeti nitamzibia mdomo na kitabu cha nyimbo. Kwaya nzima ilicheka, wakadhani natania. Nilirudi nyumbani natetemeka na nikalia jikoni mpaka moto ukazimika, nikiwa najiogopa.

Shingo yangu ilikuwa imevimba muda wote huo, na hakuna aliyeshtuka. Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa Dodoma atasema familia nzima ilikuwa vipofu. Nyumbani kwetu shingo nene si habari. Mama mkwe wangu, Bibi Nakunda, ana rovu kubwa kama parachichi, analo tangu usichana wake, amelima nalo, amezaa nalo, na halijawahi kumlaza kitandani. Mabibi wengi wa milimani wanayo. Tuliambiwa zamani na wataalamu kwamba ni ukosefu wa chumvi yenye madini joto, nasi tukaushika ushauri huo kama amri ya kumi na moja. Kwa hiyo shingo yangu ilipoanza kujaa, tiba ilijulikana. Baba Neema akaleta chumvi ya pakiti. Mama mkwe akawa anakuja kuonja makande yangu na kuongeza kiganja kingine.

"Kula, mwanangu. Mimi nilichelewa, wewe tumekuwahi."

Nikala. Yalikuwa machungu kwa wingi wa chumvi, nikala, kwa sababu alikuwa ananipenda.

Kabla ya vuli pembe ililia kutuita msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope kwenye ndiva. Kila nyumba ilitoa watu. Nilikwenda na jembe langu, sijalala, moyo unapiga hadi masikioni. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme neno. Elisante alikuwa amesimama ukingoni na wanakamati wenzake, akaniona, akasema kwa sauti ya kuchekesha watu:

"Mpeni Mama Neema upande wa kivuli. Siku hizi hata siku za wiki zinamchanganya."

Watu wakacheka. Nikasema, "Umeniibia maji yangu." Neno hilo nalikumbuka vizuri, nililisema polepole. Kinachofuata nakikumbuka kama kitu nilichosimuliwa. Jembe likaruka kutoka mkononi mwangu likampiga muundi. Akaanguka topeni, damu ikatoka, ikaingia ndani ya ndiva. Mimi nikaendelea kumfuata. Baba Neema akanishika kwa nyuma, nikamuuma mkono. Mtu ambaye hajawahi kuniinulia sauti, nikamuuma mpaka nikaonja damu yake.

Kumwaga damu kwenye ndiva kwetu ni kosa zito. Nilipigwa faini ya mbuzi, na nikakatazwa kukanyaga pale wala kupewa zamu mpaka kikao kikae na kupatanisha. Bila zamu, mvua zikikatika, tangawizi yangu ingekauka ikiwa imesimama, na shamba lisilo na maji kwetu halikawii kupata mwenyewe mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waseme tu, ila yangu haikuwa ya kuku.

Tulikwenda zahanati kwa ajili ya mkono wa Baba Neema. Tabibu alimfunga kidonda, akauliza kimetokana na nini, mume wangu akajibu mbwa. Tabibu akanitazama mimi, macho yangu, kisha shingo, akanishika mkono na kuhesabu mapigo. Akatuandikia twende hospitali Same. Hakuuliza tena habari za mbwa.

Kuteremka Same kutoka kwetu ni kama kuvuliwa sweta na kutiwa kwenye oveni. Kwenye chumba cha kusubiria madirisha yalikuwa wazi lakini hewa imegoma. Tulikaa kwenye benchi la saruji tangu asubuhi, majina yanaitwa, mengine yanaitwa mara mbili, langu haliitwi. Nilikuwa nachuruzika. Nilimtazama karani wa dirishani nikawaza namna ya kumpiga na kiti, na kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa sakafuni, nikaona hilo nalo ni uonevu.

Mama mmoja wa Kimaasai, ametoka huko tambarare na mtoto mgonjwa, alinitazama kwa muda. Akavua shuka moja, akalilowesha bombani nje, akaja kunifunika nalo shingoni bila kuniuliza.

"Yeyo, mama, wewe iko moto sana," akasema. "Kaa hapa kwangu. Hapa iko upepo kidogo."

Akanipisha nafasi yake ya dirishani, akakaa chini na mtoto wake. Sikumwambia ahsante, nilikuwa nimeuma meno nisipige kelele. Nimemtafuta kila kliniki tangu siku hiyo na sijamwona tena. Katika mambo yote ya ugonjwa huu, shuka lile la maji ndilo ninalolishukuru kwanza.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nilijiandaa kumdharau. Aliniambia ninyooshe mikono, nimeze mate, nieleze usingizi na hedhi na chakula. Baba Neema akamweleza kwa fahari habari ya chumvi. Daktari akaweka kalamu chini.

"Baba, mmefanya kwa nia njema, lakini muache. Ya bibi na ya mama si ugonjwa mmoja. Shingo ya bibi ilikuwa na njaa ya madini joto. Ya mama, tezi iliyo ndani yake inafanya kazi kupita kiasi, inamwaga homoni kwenye damu kama mfereji usio na kizibo. Ndiyo maana moyo unakimbia, ndiyo maana anakonda."

"Na hasira?" akauliza mume wangu.

"Na hasira pia. Homoni zikizidi hivyo, mtu mpole anaweza kupigana."

Baba Neema akajifuta uso. Sijawahi kumwona mtu akipumua vile. Mimi nikauliza nilichokuwa nakitaka.

"Kwa hiyo aliyerusha jembe ni mimi au ni tezi?"

Binti yule akavuta fomu ya maabara. "Kipimo kitatuambia homoni ziko ngapi, mama. Hicho unachouliza hakipimiki kwenye damu."

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Moshi. Majibu yalikuja mvua za vuli zikiwa zimeshika, na yalikuwa kama alivyosema. Nikapewa vidonge vya tezi na vingine vya kutuliza moyo. Wewe unayeanza dawa hizo, nisikilize hapa hata kama mengine utaruka: ukiona homa na koo linauma, usinywe tangawizi ukasubiri. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Na usikatishe dozi kwa sababu umeona nafuu. Mimi nilikatisha mara moja kidogo, na kuku wote wakahamia kwa jirani.

Mabadiliko yalikuja bila kubisha hodi. Siku moja nilitia uzi kwenye sindano nikashona kifungo chote kabla sijagundua kwamba mikono imetulia. Nikalala. Nikanenepa, sketi zikarudi kiunoni, kisha zikakataa kufungwa. Mpaka Krismasi nilikuwa mtu. Lakini dawa haikusimama hapo, ilipitiliza. Masika yalipoanza nilikuwa wa baridi, natafuta sweta mchana, uso umejaa, sauti imekuwa nzito, nalala nikiwa nimeshika mwiko. Na moyoni hapakuwa na kitu. Siyo huzuni, huzuni ningeijua. Tulipanda tangawizi mpya, nikafukia mbegu moja baada ya nyingine na sikutaka iote wala isiote.

Neema, binti yetu anayesoma bweni, alikuja likizo na ripoti mbaya ya hesabu. Alinipa akiwa amesimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Nikasoma, nikamrudishia, nikasema sawa.

"Mama, hugombezi?"

"Umeshafeli, nigombeze nini?"

Akaikunja ripoti mara mbili. "Nigombeze kidogo tu," akasema, akaanza kulia. Nilijua mama anatakiwa kumkumbatia mtoto anayelia, nikamkumbatia kwa sababu nilijua. Nadhani alihisi tofauti. Daktari nilipomweleza hayo kliniki iliyofuata alipunguza dozi, akasema itachukua muda.

Huku nyuma Baba Neema alikuwa ameeneza injili yake. Dukani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga, kote alisema ilikuwa tezi. Alinipigania, simlaumu. Watu waliokuwa wananikwepa wakaanza kunisalimu tena, mwalimu wa kwaya akaniletea ndizi. Na Elisante akaja na kilo mbili za sukari, anachechemea zaidi kidogo kuliko alivyohitaji.

"Pole sana, shemeji. Tumeshaelewa sasa. Yale maneno yote yalikuwa ugonjwa tu."

Nikapokea sukari. Alipokwisha kuondoka nikabaki nimeishika, nikiyarudia maneno yake kichwani. Alikuwa ameniponya ugonjwa pamoja na dai la zamu yangu. Zamani ningemfuata njiani. Sasa nilijua tu kwamba nimeibiwa mara ya pili, kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha kijiji kingine.

Masika yakakatika, kikao kikaitwa sebuleni kwa Bibi Nakunda. Asubuhi yake Baba Neema alinipigia pasi gauni mwenyewe.

"Sema tu ilikuwa tezi," akaniambia. "Si ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi. Elisante anasamehe, mbuzi analiwa, tunaishi. Kamati wameshakutafutia zamu ya Jumapili jioni."

Jumapili jioni ni maji yaliyobaki baada ya wote. Hata bata hayaogi.

Tulikuwa watu wachache: wanakamati, Elisante na mkewe, sisi, na mama mkwe kwenye kiti chake karibu na dirisha. Zamani kikao kama hicho kilikuwa na dengelua, pombe yetu ya miwa, sisi Walutheri tukanywa soda, walioitaka dengelua walikuwa wameshaipitia njiani. Mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye sauti ya ukarimu, aliomba, akaeleza yaliyotokea, akanigeukia.

"Mama Neema, jamii imekuonea huruma. Useme mwenyewe, tumalize."

Nikasimama. "Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Jembe nililirusha mimi, na daktari anasema ugonjwa ulinisukuma. Elisante, nakuomba radhi kwa mguu wako. Mume wangu, nakuomba radhi kwa mkono wako, mbele ya watu, maana nilikuuma mbele ya watu. Mbuzi ni halali yenu. Lakini kabla ya jembe nilisema neno. Nilisema umeniibia maji yangu. Hilo silifuti."

Elisante akacheka kidogo, akawageukia wenzake na mikono wazi.

"Mnaona? Imeanza tena. Shemeji, umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

Baba Neema alinivuta gauni. Mwenyekiti akainama mbele, kwa upole uleule. "Mama, tuliza hasira."

"Sina hasira, mwenyekiti. Nitazame vizuri. Miezi yote hii sisikii hasira, sisikii furaha, mwanangu amelia mikononi mwangu na sikusikia kitu. Kama lile neno lingekuwa la tezi, lingekwisha pamoja na tezi. Limebaki. Zamu ya Alhamisi ilikuwa yangu na aliichukua kabla sijaugua."

Nilikaa kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Sikuwa na wasiwasi wa watakachosema. Wanakamati walitazama soda zao. Mmoja alianza kusema kwamba mambo ya kumbukumbu za mgonjwa ni magumu, na nikaona wazi jinsi itakavyokwenda: watanihurumia, watanipa Jumapili, na kuanzia siku hiyo lolote nitakalolalamikia, hata kuku akiibwa, litatafutiwa kidonge.

Bibi Nakunda akaweka chupa yake ya soda sakafuni.

"Amesema kweli," akasema.

"Mama," akasema Elisante.

"Nyamaza. Dirisha langu hili linaona mfereji wote. Kila Alhamisi nilikuona ukiziba maji ya mwenzako kwa migomba na mawe, na jioni nikaenda kwake kumwongezea chumvi." Mkono wake ulikuwa umepanda hadi kwenye rovu lake, sidhani alijua. "Huyu alipopiga kelele, alikuwa na ugonjwa wa kuulaumu. Mimi nilinyamaza. Daktari gani atanipima mimi?"

Elisante alikuwa anautazama mguu wake. Mwenyekiti akakohoa, akasema zamu ibaki ilivyokuwa zamani, na akauliza kama mbuzi achinjwe au asamehewe. Nikasema achinjwe. Njiani kurudi Baba Neema alitembea mbele yangu hadi getini, kisha akasema nimuwie radhi kwa kuniambia cha kusema. Nikamwambia nimemsikia.

Alhamisi ile maji yalifika. Nilisimama kwenye mfereji na jembe, nikayaona yakija, kahawia, yanasukuma majani makavu mbele yake. Nikangoja nifurahi. Haikutokea, basi nikafungua tuta la kwanza.